Kisu chako cha kwanza: noleo utaliunda na nini?

Umepata kipande cha chuma kizuri, labda springi ya gari kuukuu ama msumeno mkubwa wa karakana uliotupwa. Umekichora, umekikata, umekipiga tupa mpaka vidole vimekataa kukunjika. Sasa kinaanza kufanana na kisu. Halafu unafika pale katikati, bapa linapoisha na mpini unapoanza, na hapo ndipo visu vingi vya kwanza hufia. Mwenye kisu anaanza kuwaza brasi, kopa, pembe, stenlesi. Anaona picha za visu vya Marekani na Japani kwa simu. Anajiambia, "Wacha nitafute kwanza kitu poa." Miezi sita baadaye chuma kiko chini ya kitanda, kimefungwa kwa gazeti, kimeshika kutu.

Makala hii ni ya kukutoa hapo. Jibu nakupa mapema ili usingoje: kwa kisu cha kwanza, chagua kitu ambacho tupa yako ya mkono inakiweza, na ambacho unaweza kusema bila kigugumizi kimetoka wapi. Kwa wengi wetu hapa Nairobi, hicho kitu ni brasi. Lakini endelea kusoma, ju kuna wakati jibu linabadilika, na kuna vitu vingine vinaonekana poa sana kumbe vinaweza kukupeleka kituo cha polisi.

Na usidhani unahitaji cheti. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na kila kitu nitakachokuambia hapa unaweza kukijaribu mwenyewe kwa sumaku, tupa na msasa.

Hiyo kitu inaitwaje?

Kwenye video wanaiita bolsta. Lakini Kiswahili kilikuwa na neno lake kitambo: noleo, wingi manoleo. Fungua kamusi za zamani utalipata, limeelezwa kuwa pete ya chuma inayozunguka mpini pale bapa linapoingia. (Lisikuchanganye na noleo la kunolea visu, neno ni moja, kazi ni mbili.) Kamusi hizo hizo zina neno msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, iwe ni wa jembe ama wa kisu. Nitayatumia yote mawili hapa, kwa sababu ni yetu na ni mafupi.

Noleo lina kazi nne. Ya kwanza ni kulinda mbao. Sehemu ya mbele ya mpini ndipo nyuzi za mbao zimekatwa, na nyuzi zilizokatwa hunywa maji kama mrija. Juisi ya nyanya, maji ya sukuma, mafuta, vyote huanzia hapo, na mbao huvimba halafu hupasuka. Ya pili ni uzito. Noleo zito huvuta mizani ya kisu kuelekea mahali unapokishika. Ya tatu ni kidole: wapishi wengi hubana kisu pale mpini unapoanza, na noleo lililoviringwa vizuri halikwaruzi. Ya nne, sawa, ni urembo.

Lakini sikiza: si lazima kisu kiwe na noleo. Simi ya Wamaasai ina mpini wa mbao uliovishwa ngozi, basi, na imefanya kazi vizazi na vizazi. Ukiona noleo linakuzuia kumaliza, maliza bila hilo. Kisu kisicho na noleo kinakata sukuma. Kisu kilichokwama chini ya kitanda hakikati kitu.

Jambo moja la umbo kabla hatujaendelea. Kama msuka wako ni mpana, yaani chuma chenyewe kina umbo la mpini mpaka mwisho, noleo litakuwa vipande viwili, kimoja kila upande. Kama msuka ni mwembamba, noleo litakuwa kipande kimoja chenye tundu refu katikati, na bapa linapita ndani yake. Hilo tundu ni kazi ya mateso: likizidi hata kidogo, pengo linaonekana milele. Kwa hivyo kisu cha kwanza kiwe na msuka mpana. Yote yanayofuata nimeyaandika nikifikiria hivyo.

Maswali matatu kabla hujatoa pesa

Swali la kwanza: tupa yangu inakiweza? Hauna mashine. Pengine una msumeno wa chuma, tupa mbili, drili ya kuazima na jiriwa, ile wengi huita vaisi. Kitu kinachoteleza chini ya tupa kitakuchosha na utakiacha njiani.

Swali la pili: kitaelewana na bapa langu? Hapa kuna mambo mawili, joto na kutu. Nitayaeleza yote.

Swali la tatu: kimetoka wapi? Hili watu huliruka, halafu ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote.

Umbo la kulinganisha liwe hili: vipande viwili, kila kimoja urefu milimita 25, upana 12, unene 5. Ni kidogo sana, kama kipande cha chokleti. Kwa brasi hivyo viwili vina uzito wa gramu 25 hivi. Kwa kopa, gramu 27. Kwa stenlesi ama chuma cha kawaida, gramu 24. Kwa alumini, gramu 8. Kwa mfupa wa ng'ombe, gramu 6 hivi. Unaona? Metali nzito zote zinakaribiana, kwa hivyo usidanganywe na mtu anayekuambia stenlesi itafanya kisu kiwe chepesi. Uamuzi wa uzito ni mmoja tu: metali nzito, ama kitu chepesi.

Brasi, jibu la wengi

Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, ile ya manjano kama tarumbeta. Tupa huila vizuri, drili huingia bila kelele, na msasa huifanya ing'ae haraka. Ukikosea kidogo, unaendelea kupiga tupa mpaka kosa linapotea. Ndiyo maana hata mafundi wa puukko, kile kisu cha Wafini, huweka kipande chembamba cha brasi kati ya bapa na mpini. Ni kisu cha kazi, cha watu wa msituni, wala si pambo la kabatini.

Hapa Nairobi brasi ina historia ya mtaa pia. Kibera kuna mafundi wanaotengeneza hereni na bangili kwa brasi ya kufuli na mifereji mikuukuu, pamoja na mifupa ya ng'ombe. Kwa hivyo ujuzi uko, na ukiuliza kwa heshima utajifunza mengi kuliko kwenye video.

Utaipata wapi? Mahali safi kabisa ni karakana za kuchonga vyuma Industrial Area, zile zinazotengeneza bushi za mashine. Wao hubaki na vipande vidogo ambavyo kwao ni takataka na kwako ni visu vitatu. Bawaba nene za brasi kutoka mlango uliovunjwa pia ni nzuri, ilimradi unene unatosha. Kufuli kubwa linawezekana, lakini kumbuka ndani lina matundu ya funguo na springi, kwa hivyo pima kwanza kama utapata kipande kizima. Na ununuzi ni kwa kilo: uliza bei kabla hujaonyesha macho ya kupenda. Hauhitaji hata robo kilo.

Kabla hujalipa, pima mambo mawili. Toa sumaku kwa spika iliyokufa, uiweke juu ya kipande. Ikinata, hiyo ni chuma kilichopakwa rangi ya brasi. Isiponata, kwaruza pembeni kwa tupa ndogo. Brasi ni ya manjano mpaka ndani. Ukiona kijivu chini ya manjano, hiyo ni aloi ya zinki iliyopakwa juu. Itavunjika kama biskuti ukiigonga nyundo.

Sasa mabaya yake. Brasi hubadilika rangi, inafifia na kuwa kahawia. Wengine wanapenda hivyo, wengine husugua na majivu na ndimu kila mwezi. Pili, brasi ya kuchonga kwa mashine huwekwa madini ya risasi ili ichongeke vizuri, hadi asilimia 3 hivi. Kwa hivyo vumbi lake si la kuvuta. Vaa barakoa, lowesha msasa kwa maji, usile chapati ukiwa unapiga tupa, na unawe mikono kabla hujamgusa mtoto. Tatu, usijaribu kuiyeyusha jikoni kwenu. Brasi huyeyuka karibu nyuzi 900 na zinki yake huanza kutoka kama moshi mweupe. Ukivuta huo moshi, saa chache baadaye unashikwa na homa na baridi kama ya malaria. Wewe kata tu.

Kopa, inayopendeza na kusumbua

Kopa, shaba nyekundu, ni nzuri machoni kuliko brasi. Lakini ni laini mno. Ikidondoka jikoni inapata kovu, na msasa huacha mikwaruzo ambayo ni kazi kuitoa. Drili nayo huganda ndani yake, kwa sababu kopa hunata kwenye makali badala ya kukatika vizuri. Na mikono hunuka sarafu ukikishika kisu na jasho. Iache ya kisu cha tatu. Kuna sababu nyingine kubwa ya kuwa makini na kopa, naifikia chini.

Chuma cha kawaida na alumini

Hiki wengi hukidharau, na ni makosa. Fundi yeyote wa kuchomelea mageti ana vipande vya chuma bapa vya milimita 5 vimelala sakafuni. Ukimsaidia kufagia pengine atakupa bure. Tupa inakiweza, na pini yake ni msumari uliokatwa kichwa. Kitashika kutu, ndiyo, lakini kama bapa lako ni la chuma cha springi, hilo nalo linashika kutu. Utakuwa unapangusa kisu na kukipaka mafuta ya kupikia hata hivyo. Kama pesa imekataa kabisa, chuma cha kawaida ndicho namba mbili yangu. Epuka tu kile kilichopakwa zinki, kama mabomba ya maji yenye madoa ya fedha. Hiyo zinki ikipata moto ama grainda inatoa ule moshi wa homa.

Alumini, kwa upande mwingine, inakuvutia kwa sababu iko kila mahali na inakatika kama sabuni. Lakini inapaka mikono weusi, gundi haiishiki vizuri, na ikikaa na chuma kwenye maji ya chumvi ndiyo inayoliwa. Tena usiwahi kuisukuma kwenye jiwe la grainda la kawaida. Alumini hujaza matundu ya jiwe, jiwe linapata joto na linaweza kupasuka likikuelekea usoni. Itumie kufanya mazoezi ya kupiga tupa, basi.

Stenlesi, kama unaishi pwani

Ukiwa Mombasa, Malindi ama Lamu, jibu linabadilika. Metali mbili tofauti zikigusana na maji ya chumvi yakiwa katikati, huwa kama betri ndogo, na ile dhaifu huliwa. Brasi ama kopa ikikaa na bapa la chuma cha springi, kinacholiwa ni bapa lako, pale pale kwenye mstari wa kukutana. Bara, gundi nzuri na kitambaa kikavu vinatosha kuzuia. Pwani, ambako hata hewa ina chumvi, afadhali bapa la stenlesi na noleo la stenlesi.

Lakini jua unachoingilia. Stenlesi huzidi kuwa ngumu kadiri unavyoisugua. Ukiitoboa kwa drili ya kasi na mkono mwepesi, unapika sehemu hiyo na drili haiingii tena. Siri ni mwendo wa polepole, mkono mzito, na mafuta. Na usitegemee sumaku: stenlesi ya sufuria na mabomba ya ngazi mara nyingi hainati, nyingine hunata.

Pembe, mfupa, mpingo na jinzi

Hapa ndipo vijana wengi hutaka kuanza kwa sababu picha zinavutia. Na si vibaya. Japani, kisu cha jikoni cha jadi kina mpini wa mti mwepesi na mbele yake pete ya pembe la nyati wa maji wa kufugwa. Pembe hiyo hufanya kazi ile ile ya kuzuia maji, bila uzito.

Hapa kwetu una pembe la ng'ombe kutoka machinjioni. Ndani ni tupu, lakini ncha yake ni nzima, na hapo ndipo unapokata. Mfupa wa mguu ndio mgumu kuliko mingine. Uchemshe, ukwangue, utoe mafuta yote, uukaushe polepole kivulini. Ukiacha mafuta ndani, yatatoka baadaye na kuifukuza gundi. Vumbi la mfupa na pembe linanuka kama nywele zilizoungua na si zuri kwa mapafu, kwa hivyo barakoa hapa si hiari. Kikwazo kikubwa ni hiki: mfupa haupendi nyundo. Pini ya kugongwa itaupasua. Utategemea gundi na pini iliyoingia kwa kubembelezwa.

Mpingo ni mti mzito mpaka unazama majini, na kipande chake kinaweza kuwa noleo mbele ya mpini wa mti wa kawaida. Wachongaji wa Wamunyu kule Ukambani wanaujua vizuri. Nunua mabaki yao, usiende kukata mti. Mpingo hukua polepole sana, na tangu 2017 biashara yake ya kuvuka mipaka ya nchi inasimamiwa na mkataba wa kimataifa.

Na kuna jinzi. Si mzaha. Kata jinzi kuukuu ya Gikomba vipande, vipake epoksi kimoja kimoja, vipange kama kurasa, vibane kati ya mbao mbili kwa siku moja. Kinachotoka ni bamba gumu lenye mistari ya buluu, lisilokunywa maji, linalokatika kwa msumeno wa kawaida. Kama unataka kitu chepesi, hiki kinashinda mfupa, na kila mtu atakuuliza ni nini.

Sasa, imetoka wapi?

Tulia hapa kidogo. Kopa nyingi rahisi mtaani ni nyaya zilizotolewa kwenye transfoma ama kebo za simu. Brasi nyingi rahisi ni mita za maji zilizong'olewa usiku. Ukinunua kipande cha mia mbili unasema "yangu ni kidogo tu", lakini giza likiingia mtaani kwenu wiki mbili, ama mfereji ukikauka, hiyo ndiyo bei halisi.

Serikali nayo haichezi. Kenya ina Sheria ya Vyuma Kuukuu ya 2015 inayotaka wafanyabiashara wake wawe na leseni. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuharibiwa na nchi kukosa stima, biashara yote ya vyuma kuukuu ilisimamishwa, kisha ikafunguliwa tena mwaka huo huo kwa masharti. Waliofanya kazi kwa uaminifu walilala njaa pamoja na wezi. Kwa hivyo nunua kwa mtu mwenye duka na leseni, omba risiti hata kama ni ya kuandikwa kwa mkono, na kopa iliyoungua ikinuka plastiki, achana nayo. Hiyo imechomwa ili kuondoa ganda la waya, na huo moshi ni sumu.

Maganda mengi ya risasi pia ni brasi safi kabisa. Ukiyaokota, yarudishe chini. Hakuna maelezo utakayompa askari yakamridhisha.

Na wanyama wa porini: usiguse. Pembe la swara, pembe la nyati wa msituni, jino la ngiri, pembe ya ndovu, hata ukiambiwa "hii ilikuwa ya babu". Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakutaka uwe na kibali, na adhabu zake ni nzito. Aprili 2016 nchi hii ilichoma tani 105 za pembe za ndovu pale Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Nchi iliyochoma mali ya thamani hiyo haitasikiliza hadithi ya kisu chako.

Namna ya kulifunga bila kuharibu bapa

Hapa ndipo chaguo lako la noleo linapopimwa. Bapa la chuma cha springi hupewa ugumu kwa kupashwa hadi nyuzi 800 hivi na kutumbukizwa kwenye mafuta, kisha hulegezwa kwenye ovena karibu nyuzi 200 lisivunjike kama kioo. Hilo lote lifanyike kabla noleo halijawekwa. Na matundu ya pini toboa mapema zaidi, chuma kikiwa bado laini, kwa sababu kikishakuwa kigumu drili yako itateleza tu.

Baada ya hapo, joto ni adui. Bapa likifika nyuzi 300 linageuka buluu, na ule ugumu ulioutafuta umeondoka. Sasa fikiria fundi wa mtaa akikuambia, "Leta nikupigie moto kidogo, dakika moja tu." Kulehemu kwa fedha kunataka zaidi ya nyuzi 600. Kuchomelea ndio usiseme. Mshukuru, umwambie hapana. Kisu cha kwanza hufungwa kwa pini na epoksi, bila moto.

Pini nzuri ya noleo la brasi ni ile fimbo ya brasi ambayo mafundi wa kuchomelea hutumia. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuchomelea, na ukubwa wa kawaida ni milimita 2.4 na 3.2. Fimbo moja inatosha visu kumi. Rangi yake iko karibu sana na brasi ya noleo, na hilo lina maana, kama utakavyoona.

Fuata mpango huu. Bana vipande viwili vya noleo pamoja, uvitoboe kwa mpigo mmoja ili matundu yalingane na ya msuka. Vikiwa bado pamoja kwenye pini, maliza sura ya mbele, ile inayoangalia bapa: tupa, msasa wa 120, 240, 400, mpaka 600. Fanya hivyo kabla ya gundi. Ukishavifunga hutafika hapo tena bila kukwaruza bapa, na ni pale ambapo kila jicho huangalia kwanza.

Kisha panua midomo ya nje ya matundu kidogo kwa drili kubwa, kama faneli ndogo. Sugua ndani kwa msasa mkali, pangusa kwa spiriti, usiguse tena kwa vidole. Paka epoksi, ingiza pini zikiwa zimetokeza milimita moja kila upande, kisha gonga pole pole kwa nyundo ndogo, mzunguko mzima, si katikati tu. Kichwa cha pini kinavimba na kujaza ile faneli. Bana kwa klampu, lakini usikaze kama unakamua nguo. Gundi yote ikitoka, kitakachobaki ni matumaini. Acha saa 24. Ukipiga tupa siku inayofuata, pini inapotea ndani ya noleo kama vile haikuwahi kuwapo. Ndiyo maana nilisema pini na noleo viwe vya brasi moja.

Wikendi mbili, si miezi sita

Hebu tulipange. Jumamosi ya kwanza asubuhi, nenda Industrial Area ama kwa mwenye duka la vyuma mwenye leseni, na sumaku mfukoni. Tafuta kipande cha brasi cha unene wa milimita 5 ama 6. Ukikosa mpaka saa nane, pitia kwa fundi wa mageti, chukua chuma cha kawaida, uendelee na maisha. Jumapili, kata na utoboe. Jumamosi ya pili, maliza sura ya mbele na ufunge. Jumapili ya pili, tupa, msasa, na mbao za mpini.

Kikiisha, kitumie nyumbani. Ni kisu cha jikoni. Ukitaka kumwonyesha rafiki, kifunge kwa kadibodi na kitambaa ndani ya begi, usitembee nacho wazi tao. Kata vitunguu, nyanya, sukuma, kwa wiki nzima, ukikiosha na kukipangusa kila siku. Halafu pitisha ukucha pole pole kwenye mstari kati ya noleo na mbao, halafu kati ya noleo na bapa. Ukucha ukipita bila kukwama, umefunga vizuri. Ukikwama, jua ni wapi, andika kwenye daftari, na anza kutafuta chuma cha kisu cha pili.